Magagulo mekundu juu ya mawe ya kijivu: kisa cha rangi za Visiwa vya Aran

Mwaka 1898 kijana mmoja wa Dublin, J.M. Synge, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mkubwa wa tamthilia, alivuka maji kutoka Galway hadi Visiwa vya Aran, kwenye pwani ya magharibi ya Ayalandi. Aliyoyaandika kuhusu mavazi ya watu wa huko ni sentensi chache tu, lakini ndizo zilizonikalisha chini. Wanawake, anasema, walivaa magagulo mekundu ya sufu ya kisiwani iliyotiwa rangi ya mzizi wa rubia. Wanaume walikuwa na rangi 3: sufu yenyewe kama ilivyotoka mgongoni mwa kondoo, buluu ya nili, na kijivu kilichopatikana kwa kufuma uzi wa nili ukipishana na uzi usiotiwa kitu. Basi. Kahawia haimo. Zambarau haimo.

Asiyejua mambo ya kutia nguo rangi atapita hapo bila kushtuka. Anayejua atauliza: kahawia imekwenda wapi? Maana ukimtajia mtu aliyewahi kushika sufu rangi za asili za magharibi ya Ayalandi, neno la kwanza kumtoka mdomoni ni crotal, yale magamba makavu yanayoota juu ya miamba kama ukoga, ambayo wataalamu huyaita likeni. Ni rangi ya bure. Haina duka, haina mizani. Ukitaka kahawia unachukua kijiko kikuukuu unakwenda kukwangua mlima. Iweje basi visiwa ambavyo wageni walivifuata kama mahali ambapo maisha ya kale hayajaguswa, mahali pa mwisho pa Ulaya kabla ya bahari kuu, viwe ndivyo vinavyovaa rangi za kununua? Rubia ililimwa Uholanzi, Ufaransa na Uturuki. Nili ilitoka India. Shabu, dawa inayoushikiza wekundu kwenye sufu, nayo ni ya dukani. Katika mavazi yote aliyoyaona Synge, rangi pekee iliyozaliwa kisiwani ilikuwa ya kondoo.

Jibu la haraka ambalo watu hulitoa ni mapenzi: wanawake wa Aran walipenda nyekundu. Sitalibeza, kwa sababu hakuna mtu anayevaa rangi asiyoipenda miaka mia. Lakini naona kuna jibu lililo chini zaidi, chini kabisa, kwenye mwamba wenyewe.

Mwamba na moto

Tuanze na crotal inavyofanya kazi. Likeni zinazotoa kahawia nzuri ni za jenasi ya Parmelia. Watu walizikwangua baada ya mvua, zikiwa zimelowa na kulegea, maana zikikauka zinashikamana na jiwe kama utandu wa wali kwenye sufuria. Nyumbani kuna chungu cha chuma cha miguu 3. Unatandika tabaka la likeni, juu yake tabaka la sufu, tena likeni, tena sufu, mpaka chungu kijae. Unamimina maji, unaweka motoni, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu chungu hicho kinataka kuchemka polepole kwa saa nyingi. Kadiri kinavyokaa ndivyo rangi inavyokolea, kutoka manjano ya ngano hadi kahawia nyekundu kama kutu. Hakuna shabu, hakuna dawa yoyote. Crotal inajishikiza yenyewe. Na harufu yake, kitu kati ya udongo na moshi, hukaa kwenye kitambaa kwa miaka.

Kwa hiyo rangi hii ya bure ina madai mawili. Inataka jiwe la aina yake, kwani Parmelia hizi hustawi kwenye mawe yenye asidi kama graniti na kwatzaiti. Na inataka moto wa muda mrefu.

Sasa tazama ramani. Visiwa vyenyewe vitatu, Inis Mór, Inis Meáin na Inis Oírr, ni mawe ya chokaa, ndugu moja na nyanda tupu za Burren zilizo ng'ambo katika kaunti ya Clare. Hata udongo wa viazi watu waliutengeneza kwa mikono, wakibeba mchanga na mwani migongoni na kuutandaza juu ya mwamba. Graniti ipo, lakini ni mawe ya kuhesabika, yaliyobebwa na barafu ya kale na kuachwa juu ya chokaa kama mizigo iliyosahauliwa bandarini. Mlima mzima wa kukwangua haupo.

Moto nao haupo. Kuni ya mashambani Ayalandi ni mboji, ule udongo mweusi wa vinamasi unaokatwa kama matofali na kuanikwa. Aran haina kinamasi cha kuchimba. Mboji ililetwa kwa mashua za tanga kutoka Connemara, ng'ambo ya mlango wa ghuba, na kila tofali lililoteremshwa gatini lilikuwa limelipiwa. Aliyepungukiwa alichoma kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa. Jaribu kumwambia mwanamke wa nyumba kama hiyo achemshe chungu cha magamba kutwa nzima ili apate kahawia "ya bure". Atakucheka.

Ukivuka kwenda Connemara, au ukipanda kaskazini hadi Donegal, mambo yanageuka. Kule graniti imejaa, mboji iko nyuma ya nyumba, na kahawia ya crotal imejaa kwenye twidi, kile kitambaa kizito cha sufu. Hata nyeusi ilikuwa ya nyumbani. Chini ya madimbwi ya vinamasi hujikusanya tope jeusi lenye chuma. Ukichemsha sufu humo unapata nyeusi iliyofifia, na ukiongeza vibanzi vya mwaloni inatoka nyeusi inayong'aa, kwa kuwa tanini ya mwaloni na chuma cha tope vikikutana ndio wino wenyewe. Nchi moja, lugha moja, kondoo wale wale, na umbali wa saa chache za tanga. Kilichobadilika ni jiwe.

Pipa la nili

Hapa ndipo kisa kinaponoga, kwa sababu rangi 2 ambazo Aran ilizikubali ni zile zinazookoa moto.

Nili haiyeyuki majini. Unaweza kuichemsha mpaka kesho na sufu yako itatoka chafu tu. Njia ya nyumbani katika magharibi ya Ayalandi, kama ilivyokuwa Uskoti na kwingi Ulaya, ilikuwa mkojo. Mkojo wa nyumba nzima hukusanywa katika pipa na kuachwa uchache. Amonia yake inayapa maji ukali kama wa magadi, na bakteria wake wanakula oksijeni. Katika hali hiyo nili hubadilika, inayeyuka, na maji yanakuwa ya manjano yenye ukijani, na povu la zambarau juu. Pipa halichemshwi. Linataka vuguvugu tu, joto la kando ya jiko linalowaka kwa ajili ya viazi, na subira ya siku kadhaa. Sufu ikizamishwa na kutolewa, huwa na rangi ya majani machanga. Halafu hewa inaigusa, na mbele ya macho yako inageuka buluu. Ukitaka buluu nzito unachovya tena na tena.

Kisa kinachonieleza pipa hili vizuri kuliko kitabu cha kemia kimo katika masimulizi ya maisha ya Mtakatifu Ciarán wa Clonmacnoise, mtu wa karne ya 6, yaliyohifadhiwa katika hati ya Kiayalandi ya karne ya 15. Mama yake alikuwa ametayarisha glaisín, mmea wa Ulaya wenye buluu ile ile ya nili ila kwa uchache. Akamwambia mwanawe atoke nje, kwa kuwa haikuonekana vema wala heri mwanamume kukaa katika nyumba ambamo nguo zinatiwa rangi. Mtoto akanuna: haya, na ziwe na mstari wa kijivu. Kila nguo ikatoka na mstari. Mama akatayarisha rangi upya, akamfukuza tena. Safari hii Ciarán akatamka itoke nyeupe kuliko mfupa, na ikatoka nyeupe. Mara ya 3 mama akabadili mbinu. Akamwomba asiiharibu, aibariki. Rangi ikawa kali hata ikawatia buluu mbwa, paka na miti iliyoigusa.

Watawa waliolisimulia hili walitaka tuone muujiza. Mimi naona mwanamke na pipa lake. Mistari ni kitu kinachotokea nguo zikisongamana na hewa kuingia kwenye mikunjo. Nguo kutoka nyeupe ni pipa ambalo halijaiva au limekufa. Na buluu inayotia kila kitu ni pipa lililokubali. Hizo ni hali 3 za chombo kimoja, zimepangwa kwa utaratibu na mtu ambaye lazima alisikia wanawake wakilalamika. Hata mwiko wa kuwatoa wanaume ndani nauelewa hivyo: kitu kinachoweza kuharibika usiku mmoja bila sababu inayoonekana lazima kipate wa kulaumiwa, na mvulana anayefungua mlango ovyo na kuingiza baridi anafaa kabisa kwa kazi hiyo. Ciarán, kwa mapokeo, alisoma kwa Mtakatifu Enda kule kule Inis Mór, na magofu ya kanisa lenye jina lake bado yamesimama huko.

Tukirudi kwenye mavazi ya wanaume wa Aran, tazama jinsi pipa moja lilivyobanwa mpaka likatoa vazi la rangi 3. Kijivu hakikuwa na chungu chake. Mfumaji alipishanisha uzi wa buluu na uzi mweupe, na jicho likafanya kazi iliyobaki. Hii naihesabu kama akili ya juu kabisa katika kisa kizima. Watu wanaolipia kila tofali la moto wamepata rangi ya 3 kwa hesabu ya uzi.

Wekundu

Gagulo la Aran lilikuwa sketi nzito ya kuvaliwa nje, ya kitambaa cha sufu kilichofumwa kisiwani, cha jamii ile iliyotuachia sisi neno fulana. Wasichana walilivaa, kina mama walilivaa, na wavulana wadogo pia walivishwa magagulo kwa miaka kadhaa kabla ya kupewa suruali. Watu wa huko walikuwa na maelezo yao kwamba viumbe wa kichawi huiba watoto wa kiume, basi ni vizuri wasitambulike.

Rubia inataka shabu kwanza. Mapishi ya zamani ya watia rangi yanataka shabu kama robo ya uzito wa sufu, na sufu inakaa humo katika maji ya moto kwa muda wa saa moja hivi kabla ya kukutana na mzizi. Nakubali hapa hoja yangu ya moto inapungua nguvu kidogo: shabu si ya baridi. Lakini rubia yenyewe ina sheria ambayo kila mtia rangi aliijua bila kipimajoto, kwamba usiichemshe. Ikifika mchemko, rangi za kahawia zilizomo kwenye mzizi nazo zinatoka, na wekundu unakuwa wa tofali lililopauka. Inataka maji ambayo mkono hauvumilii lakini hayatoi mapovu, saa moja, mbili, kisha kuachwa ipoe humo humo. Crotal humwadhibu anayebana moto. Rubia humwadhibu anayeumwaga.

Kuna jambo jingine ambalo nilipoliona nilicheka peke yangu. Rubia hupenda maji magumu, yenye chokaa. Kalsiamu ikiungana na alumini ya shabu na rangi ya mzizi, wekundu unang'aa. Watia rangi wa Ulaya waliokaa penye maji laini walikuwa wakiongeza chaki ndani ya chungu kwa makusudi. Mwanamke wa Aran hakuhitaji kuongeza kitu. Kisima chake kiko ndani ya mawe ya chokaa. Jiwe lile lile lililomnyima kahawia lilimpa maji mazuri ya nyekundu, na huko Connemara kwenye graniti, maji ni laini na mepesi.

Pesa ya rubia, nili na shabu ilitoka wapi? Mashamba yenyewe yalikuwa hayatoshi hata kwa chakula. Sehemu ilitoka kwa ndama na samaki, na sehemu kubwa ilitoka baharini kwa namna nyingine. Watu wa Aran walivuna mwani, wakauanika, wakauchoma katika matanuru ya mawe ufukoni, na majivu yake yaliyogandamana yakauzwa kwa viwanda vilivyotoa aidini humo. Moshi wa mwani, kwa maneno mengine, ndio uliogeuka kuwa gagulo jekundu.

Nasisitiza hili kwa sababu neno "mtia rangi wa kienyeji" lina tabia ya kutudanganya. Tunamwona bibi mwenye kapu la majani, hajui dunia. Bibi wa Aran alikuwa kwenye biashara ya dunia kuanzia mkono hadi kiwiko. Ujuzi wake haukuwa katika kujua mmea gani unaota nyuma ya nyumba, kwa kuwa nyuma ya nyumba kulikuwa na ukuta wa mawe na bahari. Ulikuwa katika kukadiria vitu ghali vilivyofika kwa mashua: kiasi gani cha shabu hakitaikakamaza sufu, lini pipa limeiva kwa kunusa, na sufu ya chungu cha pili ipate wekundu wa namna gani kutoka maji ambayo ya kwanza imeshayanyonya.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tulikuwa kwenye mnyororo huo huo. Kaniki waliyovaa mama zetu ilikuwa pamba iliyotiwa nili, na kwa miaka mingi ilitoka India, chanzo kile kile cha nili ya Aran. Kuna na kiungo kingine kilichosahaulika zaidi. Waayalandi wa kale walikuwa na likeni ya zambarau waliyoiita corcur, neno la Kilatini purpura lililoingia wakati lugha yao haikuwa na sauti ya p. Ilichachushwa kwa amonia, yaani mkojo tena, mpaka ikageuka zambarau. Nayo pia huota kwenye miamba yenye asidi, ndiyo maana kutokuwapo kwake Aran hakunishangazi. Binamu yake anaota juu ya miti ya pwani yetu. Vitabu vya lugha vilivyoandikwa Unguja katika karne ya 19 vinalo jina lake, marere au malele, na lilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopakiwa Zanzibar kwenda viwanda vya rangi vya Ulaya. Leo ukimtajia kijana wa Mombasa marere atadhani unamtania.

Hoja zinazonipinga

Kisa hakijafungwa mpaka nipambane na wanaoweza kuniambia nimeona jiwe nikasahau watu.

Hoja ya kwanza ni ya mwiko. Wavuvi wa visiwa vya magharibi ya Uskoti waliepuka soksi za crotal baharini, wakisema kilichotoka kwenye mwamba hurudi kwenye mwamba, na mtu aliyekivaa atakwenda nacho. Ni mwiko wenye mantiki ya kutisha, na ingekuwa rahisi kuuhamishia Aran, jamii ya mitumbwi ya turubai na vifo vya majini. Lakini Waskoti hao hao walikuwa na crotal tele na waliivaa nchi kavu. Wakaizuia isiingie chomboni. Mwiko wa namna hiyo hukua mahali ambapo kitu kipo. Hauwezi peke yake kueleza mahali ambapo hata wanawake, wasiokwenda kuvua, hawakuvaa kahawia.

Ya pili ni ya kondoo mweusi. Kila kundi lina kondoo wachache wenye sufu ya kahawia nzito, na hiyo ni kahawia isiyohitaji chungu. Hii naikubali nusu. Inaeleza kwa nini hakuna aliyehangaika kutafuta mbadala wa crotal. Haielezi nyekundu.

Ya tatu ndiyo iliyonisumbua: je, Synge aliona rubia kweli? Mwaka 1868 wanakemia wawili wa Kijerumani, Graebe na Liebermann, walifanikiwa kutengeneza alizarini, kiini cha wekundu wa rubia, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Katika miaka michache viwanda viliiuza kwa bei iliyowaua wakulima wa rubia. Nili ya kiwandani ikaingia sokoni mwaka 1897, mwaka mmoja tu kabla ya kijana wetu kushuka gatini. Kwa hiyo "rubia" aliyoiandika ingeweza kuwa unga wa kopo. Jicho halina njia ya kujua: molekuli ya kiwandani na ya mzizi ni ile ile. Wala kwa hoja yangu haibadilishi kitu. Kama ilikuwa mzizi, ilinunuliwa. Kama ilikuwa unga, ilinunuliwa kwa bei nafuu zaidi. Mwanamke aliyezoea kununua rangi hakuwa na mila ya kuvunja alipobadili pakiti. Alibadili pakiti tu.

Naongeza kwamba tunategemea sana maneno katika jambo hili, kwa kuwa picha za wakati ule, pamoja na alizopiga Synge mwenyewe, hazina rangi. Magagulo yote ni ya kijivu humo. Ilibidi kusubiri mwaka 1913, wanawake wawili wa Kifaransa, Madeleine Mignon-Alba na Marguerite Mespoulet, walipozunguka Ayalandi wakipiga picha za rangi kwa ajili ya hifadhi ya tajiri Albert Kahn. Walipiga Galway, katika kijiji cha wavuvi cha Claddagh, na hapo ndipo wekundu wa pwani ile unapoonekana kwa mara ya kwanza kama ulivyokuwa, mzito na wa joto, dhidi ya kuta zilizopakwa chokaa. Sahani za picha zenyewe zilipata rangi kwa punje za wanga wa viazi, zilizotiwa rangi ya machungwa, kijani na urujuani. Viazi, Ayalandi. Mtunzi wa hadithi asingethubutu.

Yaliyofuata

Huko Donegal mambo yalikwenda njia nyingine, na ndiyo yaliyotupa picha tuliyonayo ya rangi za Kiayalandi. Mwaka 1883 Alice Hart, mke wa daktari wa London, alianzisha Mfuko wa Viwanda wa Donegal baada ya kuona njaa ya huko, akafanya majaribio ya rangi za mimea ya porini na kuwahimiza wanawake wauze kwa wanunuzi wa mijini. Kisha bodi ya serikali ya wilaya zilizojaa watu, iliyoundwa 1891, ikaendeleza twidi ya Donegal kwa ukaguzi na masoko. Mnunuzi wa London alitaka kahawia ya mlima, na mlima ulikuwapo. Hivyo crotal ikawa chapa ya biashara, na kilichokuwa hesabu ya jiwe na mboji kikageuka kuwa roho ya taifa.

Mwaka 1937 hadi 1939 watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000 katika kaunti 26 walipewa kazi na Tume ya Ngano, yaani hadithi na mila za kale, ya Ayalandi: kaulizeni wazee wenu. Wakajaza takriban kurasa 740,000, na ufundi wa zamani ukiwamo. Katika majibu ya bara kuna likeni, maganda ya vitunguu, mizizi ya miiba. Lakini ukisoma kwa makini, duka halikosekani sana: hapa shabu, pale nili, kwingine pakiti isiyo na jina. Bibi anasimulia mimea kwa fahari, kisha anataja dukani kwa haraka, kama mtu anayetaja chumvi katika mapishi. Mtoto naye anaandika kama alivyosikia.

Na Aran? Magagulo mekundu yaliendelea kuvaliwa na wanawake wazee mpaka ndani ya karne ya 20. Wakati huo huo kulikuwa kumeanza kufumwa sweta za nakshi ambazo si za kale kama zinavyouzwa. Zilianza mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Muriel Gahan, aliyefungua The Country Shop mjini Dublin mwaka 1930, alikuwa miongoni mwa waliozitafutia soko, na miongo iliyofuata zikaenda Marekani kwa maelfu. Leo ukishuka Inis Mór, maduka yote yaliyo karibu na gati yamezitundika: nyeupe ya maziwa, sufu kama ilivyotoka kwa kondoo, ile moja kati ya rangi 3 za wanaume ambayo haikuhitaji pipa wala mboji ya Connemara.